Shaba Nyeusi ya Kilimamtama

Sehemu ya tisa

Mama Brightness, jirani yetu wa ukuta mmoja hapa Mkonze, anasema aliliona gunia kwa macho yake mawili. Ilikuwa Jumatatu adhuhuri, yeye anaanika mlenda juu ya bati, akamwona fundi Khalidi anatoka mlango wa nyuma wa karakana yetu na gunia begani. Akalipakia kwenye bodaboda, akaondoka bila kugeuka.

Jumatatu lilikuwa gunia moja, tena nusu. Jumanne, alipolisimulia bombani, likajaa. Jumatano yakawa mawili, na bodaboda ikawa Bajaji. Alhamisi asubuhi, alipokuja kumweleza Maneja wetu mwenyewe, vyuma vilikuwa vinasikika vikigongana ndani ya gunia, na Khalidi alikuwa amevaa kofia ya kuficha uso.

"Kofia anavaa kila siku," nilimwambia. "Ile ni baraghashia."

"Joha mwanangu, wewe upande ule huoni vizuri," akanijibu, akacheka lile cheko lake ambalo wasomaji wangu mnalijua.

Wewe uliyelikosa gazeti la wiki jana, sogea nikupe kwa ufupi. Mimi ni Joha, mhudumu wa Kituo cha Huduma za Kompyuta za Shule. Nafagia, napika chai, na napokea mashine mbovu zinazoletwa na shule arobaini na moja, za njia ya Mvumi mpaka za njia ya Mlali, nazifunga karatasi yenye jina la shule. Fundi wetu ni mmoja tu, Khalidi. Mwezi wa tano alitengeneza kompyuta ishirini za Sekondari ya Kilimamtama, zikarudi shuleni zinawaka zote. Sasa ni mwezi wa saba, zimekufa zote ishirini kwa mpigo.

Leo saa nane Bi Salma wa Bodi anakuja, na anataka jina la aliyesababisha. Jina likiwa la Khalidi, mkataba wake unaishia mezani pale pale, na hakuna shule itakayomwacha aguse hata waya wa kengele.

Tulipoachana, Maneja Optatus alikuwa amefungua mashine ya kwanza kwa mkono wake. Ndani, shaba iliyotakiwa kung'aa ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria. Akamgeukia Khalidi, akasema neno moja.

"Umebadilisha."

Khalidi alifuta mikono kwenye koti lake la kazi, kidole kimoja kimoja.

"Nimebadilisha nini, Maneja?"

"Vya ndani. Umetoa vizima, umeweka vya jalalani. Vizima vimeondoka kwenye magunia kama lile la Jumatatu."

"Mashine zilitoka hapa zinawaka. Mkuu wa shule yuko hapo, alisaini."

Mkuu wa shule ya Kilimamtama, Mwalimu Batholomeo, alikuwa kwenye benchi, kofia yake ya pama magotini. Alizileta mwenyewe mashine zake kwa pikapu tangu alfajiri, kama mtu anayemleta mgonjwa zahanati.

"Nilisaini," alisema. "Ziliwaka zote. Wanafunzi walipiga makofi."

"Na zilipokufa, Mwalimu, kwa nini hukujaza tiketi?" Maneja akamgeuzia yeye. "Utaratibu uko wazi. Tatizo lolote la kompyuta linaripotiwa kwa tiketi, kwenye mfumo, ndani ya saa ishirini na nne."

"Maneja, tiketi inajazwa kwenye kompyuta."

"Ndiyo."

"Na kompyuta ndiyo mgonjwa."

Maneja alifikiri kidogo. Ni mtu mwema, Maneja wetu, hata karanga hali peke yake. Ila anaupenda utaratibu kuliko ndizi za kwao, na kwa mtu wa Bukoba hilo si dogo.

"Hilo tutaliweka kwenye maboresho," alisema, kisha akarudi kwa Khalidi. "Gunia lilikuwa na nini?"

Khalidi akatazama sakafu. Huyu kijana wa milima ya Kondoa akiamua kunyamaza, jiwe linaona limepata mwenzake.

"Mkataba unasema kifaa hakitoki humu bila fomu. Fomu iko wapi?"

"Haipo."

"Kwa hiyo kifaa kilikuwepo."

Hapo Khalidi akajikuta amejikanyaga mwenyewe. Mama Brightness, ambaye hakuna aliyemkaribisha na hakuna aliyemfukuza, alijiweka vizuri juu ya boksi la projekta.

"Mimi nilisema," akasema. "Mkaniona mmbea."

Maneja akavuta barua kutoka kwenye jalada. Ilikuwa imeshachapwa, jina la Khalidi Athuman limekaa katikati kwa wino mzito. Akafungua kalamu.

"Hodi humu," ikasema sauti mlangoni.

Gunia ndilo lililoingia kwanza. Chini yake alikuwa mama mmoja mfupi, kanga imefungwa kiunoni kama anakwenda shambani. Tukasimama wote.

"Shikamoo."

"Marahaba wanangu. Khalidi yupo? Ahaa, nakuona."

"Shangazi," Khalidi akasema kwa sauti ya mtu anayezama, "si nilikwambia unisubiri jioni?"

"Nisubiri jioni ya lini? Nina mtama wangu wa kuanika, na wewe umeujaza uwanja wangu maherufi."

Kabla mtu hajamzuia, yule shangazi, Bi Mwanahawa jina lake, alilitua gunia mezani, juu ya barua, akalimwaga. Kibodi kumi na nane na lundo la vibonye vyake, safi kama sahani za sikukuu.

Ngoja nieleze, maana Maneja naye alihitaji kuelezwa. Kibodi za shule zinatufikia zimejaa vumbi la Dodoma, na vumbi la Dodoma mnalijua. Ndani yake kuna makombo ya maandazi, chaki, na kuna moja iliwahi kuja na kunde imeota. Khalidi ni mmoja, shule ni arobaini na moja. Kwa hiyo alikuwa anazipeleka kwa shangazi yake ng'ambo ya reli. Bi Mwanahawa anang'oa vibonye kimoja kimoja, anaviosha kwenye beseni kwa sabuni ya mche, anavianika kwenye ungo, halafu Khalidi anapita jioni kuvipanga.

"Vimo vyote," alisema Bi Mwanahawa, "isipokuwa viwili. Kuku mwekundu amevimeza. Nimemfunga kamba, nangoja."

Mwalimu Batholomeo alificha uso ndani ya pama.

"Na ndivyo vilivyokuwa vinagongana," alisema Mama Brightness, bila haya hata kidogo. "Masikio yangu hayajawahi kuniangusha."

"Khalidi," Maneja akasema polepole, "kwa nini hukusema?"

"Fomu ina sehemu ya jina la mtaalamu na cheti chake, Maneja. Shangazi angeandika nini?"

"Angeandika beseni," akajibu Mama Brightness.

Watu walicheka, hata Maneja mdomo ulimcheza. Nikadhani tumevuka. Nikaanza kuzikusanya kibodi, na barua ikaonekana tena chini yake, imelowa kidogo pembeni. Maneja akaichukua, akaipunga ikauke.

"Gunia limejibu," alisema. "Shaba haijajibu."

Kicheko kikakatika.

"Mama, ahsante sana kwa kazi yako. Lakini kibodi safi haziui kompyuta ishirini. Hizi zimekufa, ndani zimeungua kwa kitu nisichokijua, na mkono wa mwisho wa fundi uliozigusa ni mmoja. Bi Salma akiniuliza, sina jina lingine."

Akasaini. Nilisikia kalamu inavyokwaruza.

"Joha, lete muhuri."

Muhuri nautunza mimi, kwenye droo moja na majani ya chai. Nilivuta droo. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na robo.

"Maneja, wino umekauka," nikasema. "Niutie mwingine, ukolee kidogo. Wakati huo mnywe chai."

Wino haukuwa umekauka. Mungu anisamehe, na wewe msomaji pia.

Maji yalipokuwa jikoni, nikachukua kitambaa nikajifanya nafuta vumbi kwenye ile mashine iliyo wazi. Nina tabia moja: kitu kikinisumbua, sikiulizi, nakitazama mpaka kichoke. Nikaitazama ile shaba. Nikainama. Ndipo harufu ikanipanda puani, nyembamba, ya kitunguu saumu kilicholala.

Kitunguu saumu, ndani ya kompyuta.

Nikaigonga mashine ubavuni, juu ya karatasi nyeupe. Kikaanguka kidudu kimoja cheusi, kikavu, kidogo kama mbegu ya ulezi. Nikagonga tena. Vikaanguka vitatu, na unga wa njano kiasi cha kubana kwa vidole.

Wewe uliyekulia kwenye mahindi umeshanipita mbio, unajua mdudu yule ni dumuzi. Na mimi nilikumbuka redio ya baba yangu mdogo Hasani, kule Kondoa. Aliiacha chumba cha mahindi wiki ile walipofukiza. Walipoifungua, waya zote nyeusi. Tulilaumu betri mwaka mzima.

Sasa tatizo. Mhudumu akimwambia mkuu wa shule kwamba amekosea, anaambiwa akaoshe vikombe. Lakini mhudumu akimmiminia mkuu wa shule chai, akamwuliza habari za mavuno, atasimuliwa mpaka jua lizame. Nikachukua birika.

"Mwalimu, karibu chai. Poleni na safari. Huko Kilimamtama mwaka huu mmepata?"

"Ah, binti, Mungu ametuona," alisema, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Wazazi wamechanga mahindi ya chakula cha wanafunzi, gunia sitini na mbili. Sitini na mbili, Joha. Mwaka jana arobaini hazikufika."

"Hongereni. Ila dumuzi, Mwalimu. Kwetu wanakula gunia zima, wanaacha unga."

"Kwako." Alikunywa funda moja, akaweka kikombe chini ili mikono iwe huru. "Kwangu hawakuambulia punje. Shule ilipofungwa mwezi wa sita, nikasimamia mwenyewe. Tukapanga magunia, tukaita bwana shamba, akaweka vile vidonge vya kufukiza. Halafu mlango nikauziba. Nyufa zote, kwa udongo na magazeti. Siku kumi hakuna aliyekanyaga pale."

Magazeti. Sijui kama lilikuwa hili letu. Tusiulize.

"Siku kumi," nikasema. "Na hiyo stoo ina usalama? Mwizi asije akafungua?"

"Binti, stoo ile ni ngome. Mlango wa chuma, nondo dirishani, hata panya anabisha hodi. Ndiyo maana hata hizi kompyuta nilizihifadhi humo humo, juu ya magunia, nikazifunika na turubai. Nani angethubutu kuingia kwenye hewa ile kuiba?"

Nikashusha birika.

Khalidi alikuwa ameinua kichwa. Alikuja taratibu mpaka mezani, akaichukua ile karatasi yenye vidudu, akainusa mashine. Akakwaruza shaba kwa ukucha, weusi ukatoka, wekundu ukaonekana chini.

"Ile hewa inaua dumuzi," alisema. "Na inakula shaba. Siku kumi, chumba kimezibwa. Maneja, hizi hazikubadilishwa. Zimefukizwa."

Mwalimu Batholomeo alitazama mashine zake ishirini zilizopangwa ukutani, moja moja, kama anaita majina darasani.

"Nilizifunika na turubai," akarudia, kwa sauti ndogo.

"Pole, Mwalimu," nikamwambia. Na nilimaanisha. Alizipenda kweli.

Bi Mwanahawa alivuta kanga kichwani. "Basi mwanangu hana kosa," alisema, "na mimi nirudi kwa mtama wangu." Lakini hakuondoka. Mama Brightness alishamsogezea nafasi kwenye boksi la projekta, na chai alikuwa nayo.

Ungedhani Maneja angefurahi. Alisimama, akajaa.

"Mwalimu Batholomeo. Wewe ni msomi. Nani aliyekuruhusu kuweka kompyuta za serikali kwenye stoo ya mahindi?"

Mkuu wa shule hakukasirika. Aliingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua kwa uangalifu wa mtu anayefungua hati ya shamba.

"Wewe," alisema.

Akasoma. Sauti yake ilikuwa ile ya paredi asubuhi.

"'Wakati wa likizo, vifaa vyote vya kompyuta vihifadhiwe katika chumba chenye mlango wa chuma, madirisha ya nondo, na kisichoingiza vumbi. Mkuu wa shule asiyetekeleza atawajibishwa.'"

Akaishusha karatasi.

"Maneja, shule yangu ina madarasa kumi na mawili yasiyo na vioo. Chumba chenye mlango wa chuma na nondo ni kimoja, na wazazi walikijenga kwa ajili ya mahindi. Niliwajibika."

Maneja alinyoosha mkono, akapewa. Nilijua anachokiona, kwa sababu waraka ule niliugonga muhuri mimi mwenyewe, na wino ulikuwa mzuri kabisa siku ile. Chini ya muhuri kuna saini yake, na chini ya saini jina lake, Optatus, kwa herufi kubwa.

"Huu," alisema, "ulikwenda shule zote."

"Arobaini na moja," nikasema. "Nilizihesabu wakati wa kubandika bahasha."

"Na shule nyingine zinaweka wapi mahindi yao?"

Kuanzia njia ya Mvumi mpaka njia ya Mlali, nitajie shule inayojenga ngome mbili.

Khalidi alikuwa ameshafika kwenye kompyuta ya mapokezi. Akafungua mfumo.

"Maneja," alisema bila kugeuka, "tangu shule zifunguliwe, wiki ya tatu hii, tumepokea tiketi ngapi?"

"Hakuna. Hata moja." Ilikuwa habari njema mpaka dakika ile. Jumatatu aliitangaza kwenye kikao, tukapiga makofi. Aliposema safari hii, nilimwona anaisikia mwenyewe, neno kwa neno. "Hakuna tiketi hata moja."

"Kwa sababu mambo ni mazuri," Mama Brightness akauliza, "au kwa sababu hakuna inayowaka?"

Hakuna aliyemwambia anyamaze. Ilikuwa mara ya kwanza wiki nzima anasema kitu bila kukiongezea.

Maneja alirudi kwenye kiti. Mkono wa kulia ulikuwa na ile barua, imesainiwa, bado muhuri. Mkono wa kushoto ulikuwa na waraka, una saini na una muhuri. Khalidi alisimama mbele yake, akasema kwa heshima, kama kawaida yake:

"Maneja, mimi nina mama Kondoa ananitegemea, na nina jina hili moja tu. Sina lingine la akiba."

Maneja alifungua mdomo. Nje, gari likazima.

Nilichungulia dirishani. Saa nane ilikuwa bado dakika kumi, lakini Bi Salma si mtu wa kungoja saa. Alikuwa ameshashuka, anakung'uta vumbi kwenye viatu, na jalada kwapani. Nikamfungulia mlango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, binti. Hamjambo wote? Kumbe mna wageni."

Macho yake yalizunguka karakana yetu bila haraka. Yalipita kwenye kibodi zinazong'aa, kwenye vidudu vinne juu ya karatasi nyeupe, kwa Bi Mwanahawa na kikombe chake, kwa Mwalimu Batholomeo aliyesimama wima kama yuko gwaride. Yakafika kwa Maneja, na kwenye zile karatasi mbili mikononi mwake.

"Bwana Optatus, sitakuchelewesha," alisema, na akakaa. "Niliomba jina, na naona umeshaliandika. Vizuri sana. Napenda mtu wa utaratibu."

Akafungua jalada, akanyoosha mkono juu ya meza.

"Naomba hiyo karatasi yenye jina."

Jina lilikuwa kwenye zote mbili, la Khalidi kulia, la Optatus kushoto. Maneja alitazama mkono wa kulia. Akatazama wa kushoto. Mkono wa Bi Salma ulikuwa bado umenyooka pale mezani, kiganja wazi, na chai niliyokuwa nimemmiminia alipokaa ikaanza kuota utando.